\r na \n zimetoka wapi?

Mliokuwa mnauliza kwa nini Windows inakata mstari kwa \r\n wakati Unix inatosheka na \n tu, jibu liko kwenye mashine ya Teletype Model 33 ya mwaka 1963. Ilichapa herufi 10 kwa sekunde, na kubadili mstari kulitaka amri mbili: \r irudishe kichwa cha kuchapia kushoto, \n isogeze karatasi. Kichwa kilichelewa kurudi, kwa hiyo \r ilitangulia ili kipate muda wa kufika. Mashine zikaisha, amri zikabaki, jamani! Mi naona Unix walifanya la maana, maana hakuna kichwa cha kurudisha tena. Lakini MS-DOS ilibeba zote mbili, Windows ikarithi. Basi faili la Unix ukilifungua kwa Notepad, mistari yote ilikuwa inashikana kama treni, mpaka Microsoft walipoirekebisha 2018.