Kusafisha picha

Mteja akiingia studio ya picha Ilongero, kaskazini mwa mji wa Singida, akasema "nisafishie hii", huenda anataka moja kati ya mambo mawili. Enzi za filamu, kusafisha picha kulikuwa kuutia mkanda kwenye dawa gizani hadi sura ijitokeze, kisha kuichapa kwenye karatasi. Wazee wanalitumia neno hivyo hadi leo. Vijana wamelihamishia kwenye kompyuta: kufuta chunusi na madoa.

Programu ya Photoshop ilipata brashi ya kuponya ngozi mwaka 2002, na ile ya doa mojamoja mwaka 2005. Brashi hii ya doa ikigoma, mara nyingi fundi yuko kwenye leya tupu na hajairuhusu brashi ichukue rangi za leya zote. Ikiacha wingu jeusi kwenye paji la uso, imeokota rangi ya nywele. Apunguze ukubwa wake, au kwa brashi ile ya kwanza achague mwenyewe ngozi ya kunakili.

Nalipenda neno hili, kusafisha, ila lina mpaka. Chunusi ni ya kupita. Kovu na baka la kuzaliwa ni sura ya mtu. Mafundi, kwenye picha ya pasipoti msiviguse.