Kesi Tunayoielewa

Kati ya mwaka 1957 na 1966 Perry Mason alitetea watu kwenye televisheni ya Marekani, na ni nadra sana kumwona akishindwa. Mara nyingi muuaji wa kweli alibanwa na maswali hadi akakiri mwenyewe mbele ya watu. Kesi za kweli haziendi hivyo. Watazamaji hawakujali. Walitaka kuona neno likisemwa wazi mahakamani, na neno hilo likibadilisha kitu.

Wakenya walikuwa na Vioja Mahakamani, iliyoanza miaka ya 1970, enzi za Sauti ya Kenya. Humo hakuna wakili shujaa. Kuna akina Makokha na Ondiek Nyuka Kwota, washtakiwa wenye majibu kuliko maswali waliyoulizwa, na kesi yote inakwenda kwa Kiswahili cha mtaani.

Sisi Bara hatukuwa na televisheni hadi 1994. Kwetu Ngorongo, bonde la Rufiji, wazee hawakuikosa sana, maana mahakama ya mwanzo ilikuwepo. Hakimu mmoja, wazee wa baraza pembeni, Kiswahili mwanzo mwisho. Kwa miaka mingi sheria haikuruhusu mawakili humo, kwa hiyo kila mtu alikuwa Mason wa kesi yake. Watu walikwenda kusikiliza ugomvi wa mpaka wa shamba la mpunga usiowahusu kabisa.

Shida ilianza kesi ilipopanda ngazi. Mahakama za juu ziliandika hukumu kwa Kiingereza. Babu yangu alifuata rufaa ya shamba hadi Dar es Salaam, akakaa kwenye benchi kutwa nzima, mawakili wakisemezana na hata kucheka. Alipotoka alimuuliza karani, "Sasa mwanangu, tumeshinda au tumeshindwa?" Miaka hiyohiyo, kwenye vibanda umiza, Lufufu alikuwa akitutafsiria filamu za kigeni. Jambazi wa Hong Kong tulimwelewa vizuri kuliko jaji wetu.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, ingawa Kiingereza kimeachiwa mlango. Hukumu ya babu ni ya kabla ya hapo, imo kwenye bahasha ya kaki. Nimeanza kumtafsiria bibi. Tuko ukurasa wa tatu, na ameshauliza maswali ambayo wakili wetu hakuyauliza.