Futi Nane Chini ya Ardhi

Asubuhi ya tarehe 25 Februari 2009, ndege ya Turkish Airlines kutoka Istanbul ilikuwa ikishuka kuelekea uwanja wa Schiphol, Amsterdam. Ndani mlikuwa na watu 135. Ndege ilikuwa karibu futi 1,950 juu ya mashamba, bado ina safari ya kilomita kadhaa kabla ya kugusa lami. Lakini kifaa kimoja ndani yake kilikuwa kinasema kitu tofauti kabisa: kwamba ndege iko futi 8 chini ya ardhi.

Chini ya ardhi, jameni. Hata mtoto wa chekechea angekataa. Kompyuta ikaamini.

Kifaa chenyewe kinaitwa altimita ya redio. Kinatuma mawimbi chini, mawimbi yanagonga ardhi na kurudi, na kwa kupima muda wa safari hiyo kinajua ndege iko juu kiasi gani. Boeing 737-800 inabeba altimita mbili, moja ya upande wa kushoto na nyingine ya kulia. Siku hiyo ya kulia ilikuwa sawa. Ya kushoto ndiyo iliyodanganya.

Sasa sikiza vile mambo yalivyopangwa. Aliyekuwa anaendesha ni rubani msaidizi, anayekaa kulia, kwa hivyo mtambo wa kuelekeza ndege ulikuwa unasikiliza altimita ya kulia. Lakini kuna mtambo mwingine, ule unaoongeza na kupunguza nguvu za injini, na huo ulikuwa umeundwa kusikiliza altimita ya kushoto, hata kama anayeendesha amekaa kulia. Haukuuliza ya pili inasemaje. Ndege ikishuka chini ya futi 27 tayari kwa kutua, mtambo huo hurudisha leva za injini nyuma kabisa, kwa sababu sekunde chache baadaye magurudumu yatagusa. Basi uliposikia futi 8 chini ya ardhi, ukafanya kazi yake. Ukazima nguvu, na ndege ikiwa bado hewani.

Utauliza, kwani marubani walikuwa wapi? Walikuwepo, tena watatu. Rubani mkuu, rubani msaidizi aliyekuwa bado kwenye mafunzo ya njia hiyo, na wa tatu aliyekaa nyuma yao kama jicho la ziada. Tatizo ni kwamba hitilafu ilikuja ikiwa imevaa nguo za kawaida. Waongoza ndege walikuwa wameiingiza ndege kwenye mstari wa kutua ikiwa karibu sana na uwanja na bado iko juu, kwa hivyo marubani walihitaji kushuka haraka na kupunguza mwendo kwa wakati mmoja. Injini kupoa ndicho walichotaka. Ilipopoa hawakushtuka.

Walipaswa kushtuka baadaye. Mwendo waliouchagua ulikuwa kama kilomita 267 kwa saa. Ulipofika pale mtambo ulitakiwa kurudisha nguvu ili kuushikilia. Haukurudisha. Mwendo ukaendelea kuanguka, na ule mtambo wa kuelekeza, ambao ulijua vizuri kwamba bado wako hewani, ukazidi kuinua pua ya ndege ili isitoke kwenye mstari. Marubani wakati huo walikuwa bado wanamalizia orodha ya ukaguzi wa kabla ya kutua, kazi iliyopaswa kuwa imekwisha. Hakuna aliyeangalia saa ya mwendo.

Kwenye futi 460 usukani ukaanza kutetemeka mikononi. Hiyo ndiyo namna ndege inavyopiga kelele kwamba mabawa yanakaribia kushindwa kuibeba. Rubani msaidizi akasukuma leva mbele. Rubani mkuu akasema anachukua usukani, na msaidizi akaachilia, kama anavyofundishwa. Leva nazo hazikushikiliwa. Mtambo, bado ukiamini umeshatua, ukazirudisha nyuma. Tangu usukani uanze kutetemeka zilipita sekunde kama tisa kabla ya kusukumwa tena hadi mwisho, na kutoka hapo hakukuwa na hewa ya kutosha chini yao ya kujiokoa. Ndege ilianguka kwenye shamba lililolimwa, kama kilomita moja na nusu kabla ya barabara ya kutua, ikavunjika vipande vitatu. Watu tisa walikufa. Marubani wote watatu walikuwa miongoni mwao.

Ripoti ya Bodi ya Usalama ya Uholanzi ilitoka Mei 2010. Ilitaja altimita. Ilisema pia kwamba katika safari nane zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye kisanduku cheusi, hitilafu kama hiyo ilikuwa imetokea mara mbili kabla, na marubani wa siku hizo wakaidhibiti. Ilitaja waongoza ndege. Na ilitaja marubani, kwamba hawakufuatilia mwendo na hawakukatisha kutua wakati mambo hayajatulia. Yote kweli. Lakini ripoti ni kama hadithi nyingine yoyote: ukibadilisha kinachopewa nafasi, umebadilisha anayelaumiwa. Dunia ilichukua kile kifupi kinachokaa kwenye kichwa cha habari. Kosa la marubani.

Waswahili walisema asiyekuwepo na lake halipo. Marubani hawakuwepo.

Kumbe kulikuwa na uchunguzi mwingine. Bodi yenyewe ilikuwa imemwomba Sidney Dekker, mtaalamu wa namna binadamu na mitambo wanavyofanya kazi pamoja, aitazame ajali hii. Aliandika kwamba lawama kubwa iko kwenye usanifu: mtambo unaotegemea kihisi kimoja, na vitabu vya marubani ambavyo havikuwaambia kwamba altimita ya kushoto ndiyo inayoamuru injini hata kama anayeendesha amekaa kulia. Yaani walitakiwa kugundua kwa sekunde chache, ndani ya mawingu, siri ya mashine ambayo mwenye mashine hakuwahi kuwapa. Uchunguzi huo haukuchapishwa. Januari 2020 gazeti la New York Times liliandika kwamba bodi ilikuwa imepunguza makali ya ripoti yake kuhusu Boeing baada ya upande wa Marekani, wakiwemo Boeing wenyewe, kupinga. Ndipo kazi ya Dekker ikawekwa hadharani. Miaka kumi na zaidi imepita.

Usidhani dawa yake ni kununua vihisi bora tu. Tarehe 6 Julai 2013, Boeing 777 ya Asiana iligonga ukuta wa bahari San Francisco, kwenye mwanzo kabisa wa barabara ya kutua. Watu watatu walikufa kati ya 307. Hapo hakuna kihisi kilichoharibika. Marubani walidhani mtambo wa nguvu za injini unawashikia mwendo, kumbe kwa namna walivyobonyeza vitufe ulikuwa umejiweka kando, ukisubiri. Wachunguzi wa Marekani walilaumu marubani, lakini wakasema pia kwamba ugumu wa mitambo yenyewe, na jinsi ulivyoelezwa vibaya kwenye vitabu na mafunzo, ulichangia. Schiphol mtambo ulifanya jambo ambalo hakuna aliyeliomba. San Francisco haukufanya jambo ambalo kila mmoja alidhani unalifanya. Kwa vyovyote, binadamu alibaki na leva mkononi na habari nusu kichwani.

Sasa mbona kijana wa Nairobi asiye na digrii ya urubani wala ya kitu kingine chochote anajisumbua na shamba la Uholanzi? Kwa sababu ya tarehe. Kutoka Februari 25, 2009 hadi Machi 10, 2019 ni miaka kumi na siku kumi na tatu. Siku hiyo ya Machi, ndege ya Ethiopian Airlines ya kuja Nairobi ilianguka dakika sita baada ya kupaa kutoka Addis Ababa. Watu 157 walikufa. Wakenya walikuwa 32, wengi kuliko taifa lingine lolote. Rubani mkuu alikuwa na umri wa miaka 29, mamake Mkenya.

Ile haikuwa ajali ya kutua, na mtambo ulikuwa mwingine. Lakini tazama umbo lake. Boeing 737 tena, toleo la MAX. Vihisi viwili vya kupima pembe ya pua dhidi ya upepo, kimoja kila upande. Mtambo mpya unaosikiliza kimoja tu bila kuuliza cha pili. Kimoja kikadanganya kwamba pua imeinuka mno, mtambo ukaisukuma chini, tena na tena. Miezi minne na ushei kabla, Oktoba 2018, mtambo huohuo ulikuwa umeua watu 189 Indonesia. Na wimbo ukawa uleule. Mei 2019, kwenye kikao cha bunge la Marekani, mbunge mmoja alidai kwamba marubani waliofunzwa Marekani wangeimudu hali ile. Ati shida ni sisi tunaofunziwa huku.

Siwezi kuapa kwamba uchunguzi wa Dekker ungechapishwa 2010, wale 157 wangefika. Ninachojua ni kwamba swali la kihisi kimoja lilikuwa limeandikwa, na mtu aliyeombwa kuliandika, halafu likafungiwa kabatini huku lawama ikizikwa pamoja na marubani watatu.

Kabla ya MAX kuruhusiwa kubeba abiria tena, Boeing walibadilisha programu. Siku hizi mtambo ule unasoma vihisi vyote viwili. Vikipishana sana, unanyamaza na kumwachia rubani ndege. Ndiyo marekebisho makubwa yenyewe hayo: kuuliza upande wa pili. Kihisi cha pili hakikununuliwa baada ya ajali. Kilikuwa kwenye ndege siku zote, kinasoma vizuri, kama ile altimita ya kulia ilivyokuwa ikisoma vizuri juu ya mashamba ya Schiphol, na hakuna aliyeambiwa aisikize.