Gundi au weldi? Angalia kwanza kipande kinabeba nini

Kila nikitaka kuongeza au kurekebisha kitu kwenye gari, hujiuliza matatu: kimeundwa kwa nini, kinabeba uzito gani, na kinapata moto kiasi gani.

Bampa ya plastiki, spoila na urembo wa pembeni hutosheka na gundi ya kuchanganya, ile ya mirija miwili. Piga msasa, futa mafuta, changanya kwa kipimo cha pakiti, kisha banisha mpaka ikauke kabisa.

Ekzosi ni moto. Mimi niliwahi kugandisha kishikio chake kwa gundi ya kawaida. Ikalainika, bomba likaburura chini.

Chesisi, vishikio vya springi na pale mkanda wa usalama unapofungwa, usijaribu gundi kamwe. Hapo ni roho za watu: mpe fundi wa weldi anayeijua kazi.

Kabla ya kuchomelea, fungua waya hasi wa betri na ujihadhari na tangi la petroli. Bati la zinki hutoa moshi wa sumu, basi fanyia nje. Mwisho, paka rangi ya kuzuia kutu ndani na nje. Weldi huunguza rangi ya zamani, na hewa yetu ya chumvi haikawii kula bati.