Msuli Uliochanika: Kutoka Mapumziko Hadi Mazoezi

Mwaka 1978 daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, aliandika kitabu cha tiba ya michezo kilichompa aliyechanika msuli maagizo manne: apumzike, aweke barafu, afunge bandeji ya kubana, na aliinue juu eneo lililoumia. Ni maagizo mepesi kukumbuka, nayo yakaenea ulimwenguni hadi mfuko wa barafu ukawa haukosekani kando ya uwanja.

Afrika Mashariki watu walikuwa na njia yao. Aliyeumia alikandwa kwa maji ya moto, kisha akachuliwa kwa mafuta, na mkandaji hodari aliheshimiwa mtaani. Kwa mgongo uliochoka au shingo iliyokaza, mikono hiyo huleta nafuu ya kweli. Nyama za paja zilizochanika saa hiyo hiyo ni jambo jingine: nyuzi zimekatika, mishipa midogo inavuja damu ndani kwa ndani, na joto pamoja na kukandamizwa vinaweza kuzidisha uvujaji. Siku mbili tatu za mwanzo, msuli wa namna hiyo usichuliwe.

Barafu nayo ikaanza kutiliwa shaka. Seli za kinga zinazokimbilia jeraha, zikiambatana na uvimbe, ndizo zinazosafisha nyuzi zilizokufa na kufungua njia ya nyuzi mpya kuota. Mwaka 2014 Mirkin mwenyewe aliandika kwamba barafu na mapumziko kamili huenda vikachelewesha kupona. Kusahihisha hadharani agizo lililomtangaza ni uungwana unaostahili heshima. Barafu bado hutuliza maumivu, na hiyo ni kazi tosha.

Suala la mapumziko ndilo zito zaidi. Tangu miaka ya 1970, Markku Järvinen wa Finland alichunguza misuli ya panya, akaona kwamba kuutuliza msuli kwa muda mfupi kisha kuanza kuutumia huleta uponyaji bora kuliko kuufunga kwa muda mrefu. Ushahidi kwa binadamu ulitoka Denmark mwaka 2017. Wanamichezo wa ridhaa 50 walioumia paja au kigimbi waligawanywa makundi mawili: kundi moja lilianza mazoezi ya tiba baada ya siku 2, jingine baada ya siku 9. La kwanza lilirudi michezoni baada ya siku 62.5 kwa kipimo cha kati. La pili, siku 83. Wiki moja ya kungoja iligharimu karibu wiki tatu.

Denmark hiyo hiyo ilikuwa imeshaonyesha namna ya kujikinga. Mchezaji anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo vya miguu, naye anajiinamisha mbele polepole huku akijizuia kwa nyama za nyuma ya paja. Zoezi hili huufundisha msuli kuhimili nguvu wakati unarefuka, na hapo ndipo hasa huchanika mtu anapokimbia kasi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, kati ya wachezaji 942, waliofanya zoezi hilo waliumia nyama hizo mara 15. Wasiolifanya, mara 52.

Zoezi hili halihitaji mashine wala fedha. Hata hivyo, uchunguzi wa mwaka 2015 ulikuta klabu nyingi za Ligi ya Mabingwa Ulaya hazilifuati ipasavyo, na majeraha ya nyama za nyuma ya paja yamepanda kutoka asilimia 12 ya majeraha yote katika klabu kubwa za Ulaya msimu wa 2001/02 hadi asilimia 24 msimu wa 2021/22.