Akida, Akidi, Jumbe na Mjumbe

Ndugu wenzangu tuliosoma pamoja,

Katika mkutano wetu uliopita mwenyekiti alisimama akatangaza kuwa akidi haijatimia. Kutoka viti vya nyuma sauti moja ikajibu, "Akida huyu hapa!" Kidole kilinielekea mimi. Wa darasa letu walicheka sana. Wengine hawakujua kisa chake. Kisa ni hiki.

Tulipokuwa Kidato cha Pili mwalimu wa historia alitufundisha Vita vya Maji Maji. Mimi kwa majivuno nikanyosha mkono, nikasema kuwa babu yangu alikuwa akida wa Mdachi. Mwenzetu mmoja, mtoto wa Umatumbi, hakunisemesha tena mpaka shule ikafungwa.

Sikujua nilichokisema. Hapo kale akida alikuwa mkuu wa askari. Wajerumani walilichukua jina hilo wakampa mtumishi wao aliyesimamia vijiji vingi, mara nyingi mtu wa pwani ajuaye kusoma na kuandika, mgeni kwa wale aliowatawala. Chini yake alikuwa jumbe, mkuu wa kijiji, ambaye kwa kawaida alikuwa mwenyeji wa pale pale. Kodi ya nyumba ilipoanza mwaka 1898, jumbe aliikusanya kijijini akaipeleka kwa akida. Kuanzia mwaka 1902 ikaja pamba ya lazima. Julai 1905 watu wa Nandete, Umatumbi, waling'oa miche ya pamba, na makao ya akida wa Kibata yakawa miongoni mwa mahali pa kwanza kushambuliwa. Kwa mwenzetu yule, basi, neno nililojivunia lilikuwa kidonda.

Likizo ilipofika nikamwuliza baba. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, babu yako hakuwa akida. Alikuwa jumbe. Kodi ya kijiji ilipopungua, yeye ndiye aliyechapwa kiboko mbele ya watu wake, akida akihesabu."

Niliporudi shuleni nilimweleza mwenzangu, akanipa mkono. Lakini jina la utani lilibaki.

Wengine huchanganya pia jumbe na mjumbe. Majumbe walitawala, wajumbe hutumwa na wenzao. Vyeo vya machifu vilipofutwa Tanganyika mwaka 1963, majumbe nao wakaondoka, na haukupita muda TANU ikaleta wajumbe wa nyumba kumi. Si ajabu masikio yakachanganyikiwa. Akidi nayo ni idadi ya watu inayotakiwa ili mkutano uwe halali, wala haina kiboko.

Vijana mnaosoma sasa, kabla ya kujivunia cheo cha babu, ulizeni kwanza maana yake, na ulizeni wazee wangali hai. Nasi wazee, safari ijayo tufike wote, akidi itimie, nisitafutwe mimi.