Michoro ya Kolo: urithi wa dunia, lakini kijiji kinapata nini?

Mitihani imepita salama hapa Kikuyu, kwa hiyo leo turudi kwenye historia.

Tukisikia utalii, akili za wengi zinakimbilia Serengeti na Ngorongoro. Kumbe mkoa wetu wa Dodoma nao una Urithi wa Dunia! Ni michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoandikishwa na UNESCO mwaka 2006. Eneo lake ni kilomita za mraba 2,336, na mapango yenye michoro yanakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Mgeni anaanzia kijiji cha Kolo, kaskazini ya mji wa Kondoa. Swali langu ni moja tu: mwanakijiji wa Kolo anafaidika vipi?

Tuanze nyuma kidogo. Kwa wenyeji miamba ile haikuwa makumbusho. Pale Mungomi wa Kolo watu wameendelea kwenda kuomba mvua na kutafuta tiba. Wakaja watafiti: Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen miaka ya 1930, kisha Mary Leakey, aliyenakili michoro mwaka 1951. Kitabu chake kikatoka 1983. Mkoloni aliiweka michoro chini ya hifadhi mwaka 1937, na baada ya uhuru ikaja Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Mwamba wa babu ukawa wa serikali kuu, na kiingilio chake pia.

Halafu kuna HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, iliyoanza 1973. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye vilima vya Kondoa ili kuokoa udongo. Miti ilirudi, hilo tusibishe. Lakini uamuzi ulitoka juu, na aliyebeba mzigo ni mwenye ng'ombe. Sasa mtu huyo huyo akiambiwa asimwage pombe ya tambiko mwambani kwa sababu inaharibu michoro, jamani, ataona nini zaidi ya amri nyingine?

Linganisha na Ng'iresi, kijiji cha Waarusha kwenye miteremko ya Mlima Meru. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 shirika la Kiholanzi la SNV lilisaidia vijiji kama hicho, Longido na Mto wa Mbu kuanzisha utalii wa utamaduni. Waongozaji ni vijana wa pale pale, chakula wanapika kina mama wa kijijini, na kwenye malipo ya mgeni kuna ada ya maendeleo ya kijiji. Ng'iresi hela hiyo ilisaidia shule ya msingi. Mzungu alikuja kuangalia ngoma na mashamba, mtoto akapata darasa.

Nionavyo mimi, tofauti si uzuri wa mandhari. Tofauti ni nani anashika daftari la mapato na nani anakaa kwenye kikao cha kuamua. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati ilizinduliwa 2018. Ni nzuri sana, lakini gari la watalii sasa linaweza kumaliza michoro na kulala Arusha bila kununua hata chai Kolo. Kijiji kikiwa na fungu lake la kiingilio, wazee wa tambiko wakiwa ndani ya kikao, michoro itapata walinzi ambao hawahitaji kutumwa na mtu.

Sisi walimu watarajiwa tukapangiwe huko, tuwafundishe watoto kwamba ule mwamba ni mali yao kwanza. Nawasilisha.